Shuka Haina Vifungo

Takoradi, 4 Februari 1969

Mjomba wangu Kwadwo Dapaa,

Pokea salamu zetu za huku pwani. Mimi, mke wangu Araba na watoto tu wazima. Mdogo ameota jino na anapenda kulijaribu kwenye kidole changu cha kupimia. Cherehani ilikohoa wiki nzima, nikaitia mafuta, imepona. Je, mafua yako? Mama alisema ndiyo yaliyokuzuia kutoka kwenye msiba wa Babu Ntim, nao ulikuwa uwanjani hapo hapo, mbele ya mlango wako. Nilipobisha, akaniambia umelala, nisikusumbue. Watu walikuwa wanakitazama kiti chako kitupu.

Sasa, Mjomba, najua umeshasikia. Nkwantapa hakuna anayeficha jambo la kuchekesha. Ila nakuomba usikie na kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa ndani ya ile shuka.

Unanijua. Mimi ni mtu wa suruali. Ninakula kwa vifungo, zipu na mikanda. Kila nikivaa shuka lubega kama wanaume wenzangu, bega la kulia wazi na la kushoto limefunikwa, najiona kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani: sijui nimshike wapi, naogopa kumwangusha. Basi usiku wa kuamkia msiba nikapata akili, au nilichodhani ni akili. Nikashona kulabu mbili ndogo kwenye ile shuka nyeusi, begani kwa ndani, na matundu yake chini ya kwapa. Nikavaa, nikafunga. Mjomba, ilikaa! Nilitembea uwanja mzima bila kuigusa. Mzee mmoja akasema, "Huyu wa Takoradi siku hizi amekuwa mtu." Nikavimba kichwa.

Halafu akaja Nana, chifu mwenyewe.

Ukoo wetu ukapanga mstari kwenda kumsalimia. Ikafika zamu yangu. Nikavua makubadhi, hapo niko sawa. Nikashika shuka niiteremshe begani kwa heshima, kama wenzangu wote walivyofanya. Haikuteremka. Nikavuta. Kulabu zangu, Mjomba, ni kazi nzuri, wateja wote wanazisifia. Nikavuta tena. Msemaji wa Nana akaniuliza, "Kijana, unakataa kumvulia Nana bega?" Nikasema, "Sikatai, Nana, imenasa." "Imenasa na nini?" Nitaje kulabu mbele ya Nana? Nikavuta kwa nguvu zangu zote, shuka ikapasuka, ikaniacha yote kwa pamoja, nikabaki mbele ya watu na kaptula niliyoishona kwa masalio ya pazia la mteja. Ya maua ya njano.

Mama ametoa kondoo wa kuomba radhi. Mimi nilidandia lori la alfajiri nikiwa nimejifunika gunia.

La kunichoma ni hili. Nilipokuwa naondoka nilimsikia Kwame Tawia wa nyumba ya juu, upande ule mwingine wa ukoo, akisema, "Huyo mpwa ndiye mnayetaka arithi kiti cha Dapaa? Hata shuka imemkataa." Wakacheka, na baadhi yao walikuwa watu wetu. Mjomba, Tawia akikipata kiti cha ukoo, ile nyumba kubwa ni yake, na Mama atahamishiwa uani kulala na kuku. Nimekuponza. Niambie la kufanya.

Mpwa wako mwenye aibu,
Yaw Berko

—

Nkwantapa, 19 Machi 1969

Yaw,

Mama yako anakusalimu na anauliza kama watoto wanakula vizuri au mnawalisha samaki tu. Viazi vikuu vya mwaka huu vina maji. Paa la jikoni limezibwa. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja mkorofi, nimempa jina lako.

Nimechelewa kujibu. Sababu zipo, usiziulize. Na usishangae mwandiko: siku hizi karatasi inanikimbia mezani, nimeikandamiza kwa bakuli la pilipili. Ukipiga chafya ujue ni hilo.

Habari yako nilishaipata siku ile ile, mara nne. Mara ya nne kaptula ilikuwa imeshakuwa nyekundu na ina picha ya jogoo. Nilicheka mpaka mama yako akaja kuona kama nimekabwa.

Usidhani sijui unakopita. Nilipokuwa kijana nilitoka Kumasi na shuka mpya, naringa juu ya lori. Nikaruka chini kwa mbwembwe sokoni kwetu, shuka ikabaki imenasa kwenye mlango, na lori likaondoka nayo. Nililikimbiza na kaptula mpaka kwenye daraja, nikipita mbele ya msichana niliyekuwa namposa. Alikataa. Baadaye wakaniweka kuwa mkuu wa ukoo. Kwa hiyo bado una nafasi.

Sasa sikiliza, maana hili hukufundishwa na kosa ni langu kukuacha ukue na baba yako mwenye tai.

Shuka inaanzia mgongoni. Ishike ncha mbili, nyoosha mikono kama unataka kumkumbatia mtu mnene. Upande wa kushoto ulaze juu ya mkono wa kushoto. Upande wa kulia upitishe chini ya kwapa, ukatize kifuani, utupe begani kushoto. Tupa, usiweke! Ukiuweka taratibu unafanana na mtu anayeanika nguo. Kisha kusanya mikunjo kwenye mkono wa kushoto, na kumbuka hapo hujamaliza. Itateleza. Utairudisha. Itateleza tena. Watu hawamtazami mwanamume ambaye shuka yake haitelezi, wanatazama anavyoirudisha. Akiirudisha kwa pupa wanajua ana hofu. Akiirudisha huku anaongea yake, wanamwachia nafasi apite.

Na lazima iweze kuteremka. Ndiyo maana haina vifungo, bwana mkubwa wa vifungo. Nguo isiyoweza kuteremka mbele ya Nana ni jeuri, hata kama aliyeivaa ni mwoga kama wewe.

Siku ya Adae Kubwa, sikukuu ya kuwakumbuka wahenga, mwezi wa Agosti, ndipo ukoo utakapompeleka kwa Nana mtu wa kunirithi. Tawia ameshanunua shuka. Ukikosea tena, sitakuwa na la kusema. Una miezi ya kutosha hata kwa fundi suruali.

Mjomba wako,
K. Dapaa

—

Takoradi, 6 Aprili 1969

Mjomba wangu,

Tumefurahi kusikia habari za mapacha. Mwambie huyo mkorofi asiguse shuka. Araba amepata biashara ya kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, karibu na lango la bandari na inakwenda, kwa hiyo nyumbani anayeleta hela na anayeleta hasara sasa wanajulikana. Nilipiga chafya ukurasa wa pili.

Nimeanza kujifunza. Siku ya kwanza niliivalia chumbani, Araba akiwa ameshika kioo. Yeye ni Mfante, baba yake na kaka zake wote wanavaa hivi, kwa hiyo anajiona hakimu. "Tupa," akaniambia. Nikatupa. Ncha ikaenda kumpiga usoni na kioo kikaanguka. "Sikusema unitupie mimi."

Siku ya pili nilikula nayo. Ilishuka mkono mzima ikaingia kwenye mchuzi wa mawese. Sasa shuka ile ina ramani.

Baadaye nikaamua niishi nayo, hata kazini. Mjomba, hapo ndipo nilipojua mkono wa kushoto una thamani gani. Nampima mteja kiuno kwa mkono mmoja! Chaki nimeing'ata, futi nimeibana kwa goti, wa kushoto umeshika mikunjo kama umeshika mwizi. Karani mmoja wa melini akaniuliza, "Fundi, umejiunga na kanisa gani?" Nikamshonea suruali yenye mguu mmoja mrefu. Sikukusudia, lakini sikujuta.

Watoto wa mtaa wananifuata wanasema, "Inashuka! Inashuka!" Hata ikiwa haishuki. Najikaza. Nakufa na tai shingoni, ila tai yenyewe sina.

Sasa na mimi nikutanie kidogo. Dereva Addo alipita hapa. Anasema alikuona mchana kweupe kwenye kibaraza chako umevaa batakari, lile joho la watu wa kaskazini, la kutumbukiza kichwa! Mjomba! Wewe uliyemkataa mchumba wa dada yangu kwa sababu alikuja na shati la mikono mifupi! Wewe unayekwenda kukagua migomba na shuka! Addo anasema pia tangu mwaka mpya hujaonekana barazani kwa Nana hata mara moja. Nilimwambia amekufananisha. Au umepata mke wa Tamale, huko huko kaskazini, ukatuficha?

Mpwa wako mwenye ramani ya mawese,
Yaw

—

Nkwantapa, 30 Juni 1969

Yaw,

Salamu kwenu nyote. Mvua imenyesha ya kutosha. Mama yako miguu inamuuma lakini mdomo mzima. Mzee Ntow amemaliza kujenga.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Kwanza kwa kucheka. Kisha kwa hilo ulilosema juu ya mkono wa kushoto.

Batakari lina hewa. Hilo limekwisha.

Nataka kukuambia jambo moja tu juu ya huo mkono, maana naona umeanza kulielewa. Ukivaa shuka, wa kulia ndio unaosifiwa. Uko wazi, unasalimia, unaonyesha njia, unapokea kinywaji. Wa kushoto umefunikwa, hauonekani, na ndio unaofanya kazi yote. Mtu anaweza kutembea nao miaka yote asijue kama anao. Mimi sikujua.

Huku watu wanasema unatembea na shuka mpaka kazini. Addo ametusambazia. Tawia hakucheka, na hiyo ni dalili njema.

Kuhusu siku yenyewe. Nimefikiri, ni vizuri ukaongozwa na Mzee Ntow. Anajua kila kitu, na shuka yake ni nzuri kuliko zangu. Mimi bado nina haya mafua na pale barazani kuna upepo. Nitakusikilizia nikiwa hapa nyumbani, ngoma zinafika.

K. Dapaa

—

Takoradi, 12 Julai 1969

Mjomba,

Watoto wazima, Araba mzima, cherehani nzima.

Mafua gani yanaanza Januari yakafika Julai? Nimemwandikia Mama kumuuliza. Amenijibu karatasi mbili nzima kuhusu viazi vikuu.

Sitaenda na Mzee Ntow. Yeye si mjomba wangu. Mrithi hupelekwa na anayemrithi, na kama wewe huendi, mimi nitashona suruali zangu na Tawia achukue kiti, kuku wampishe Mama. Nimeandika maneno haya nikayachana, nikaandika tena, na sasa naweka stempu kabla sijaogopa.

Nakuja siku moja kabla. Naja na shuka mbili zisizo na kulabu. Fungua mlango nikibisha.

Yaw

—

Nkwantapa, 25 Agosti 1969

Yaw,

Uliondoka na lori la alfajiri tena, kama mwizi, ila safari hii wanasema ulikuwa umejifunika shuka na si gunia. Mama yako amekuwekea mawese, Addo atayaleta. Yule mbuzi mkorofi amekula kofia ya mchungaji.

Nina ombi. Watu wanakuja hapa mmoja mmoja kunisimulia mambo ya barazani, na mimi nilikuwepo! Lakini ukweli ni kwamba tangu pale niliposhusha shuka niliinamisha uso, na sikuona kitu ila makubadhi ya Nana. Nyuzi zake za dhahabu nazijua zote. Mengine siyajui. Wao wananisimulia kwa kunihurumia, sauti chini, kama nimelazwa. Sitaki. Niandikie wewe, na unisimulie kwa kunicheka.

Mjomba wako

—

Takoradi, 7 Septemba 1969

Mjomba wangu mpenzi,

Mawese yamefika, na Araba anasema Mama ana mkono mzuri kuliko wake, jambo ambalo sijawahi kumsikia akilisema kuhusu mtu yeyote. Hatujambo wote.

Umetaka nikucheke. Nitajaribu, lakini nina mashaka kama nitaanza na wewe, maana mimi nipo tele kwenye hadithi hii.

Nilipobisha ile jioni ulifungua mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Nikauona wa kushoto ukining'inia ndani ya batakari. Nikamwona Mama akikukatia kiazi. Ukanivutia kigoda kwa huo huo wa kulia. Tukazungumza bei ya uzi! Saa nzima, Mjomba, bei ya uzi, mtu asiye na habari angedhani wewe ndiye fundi. Moyoni nilikuwa najitukana kwa ule utani wangu wa mke wa Tamale. Nilipokwambia, "Naweza kukushonea kulabu, ndogo tu," ulinijibu, "Zile zilizokula kondoo?" Mama akacheka, mimi nikacheka, kisha nikaenda nje nikajifanya namtafuta mbuzi.

Asubuhi tulikuvika, mimi na Mama. Mkono wako tuliulaza ndani ya mikunjo ukakaa kama uko kazini. Ulipotoka mlangoni ulikuwa Dapaa yule yule. Watu wakatupisha njiani. Nilitembea nyuma yako nikiirudisha shuka yangu kila ilipoteleza, na nikaona hata Tawia ananitazama mikono akitafuta kosa asilione.

Barazani tukavua makubadhi. Ukasogea mbele ya Nana, ukaishusha vizuri mno, maana kushuka ilikuwa haihitaji msaada. Ukasema, "Nana, nimemleta mtoto wa dada yangu." Nami nikashusha. Ukoo mzima ukashusha. Msemaji akasema Nana amepokea. Ikawa sasa kila mtu arudishe shuka begani, twende tukakae.

Mjomba, nikatupa. Na ilikaa! Sijui ilitoka wapi. Mikunjo ikajipanga yenyewe, ncha ikalala mgongoni kama imechorwa. Mara ya kwanza maishani mwangu. Nikageuza shingo kidogo nione nani ananiona.

Ndipo nikakuona wewe. Mkono wa kulia ulikuwa umeishika ncha, unaitupa, inafika shingoni, inarudi. Unaitupa tena. Kule chini mikunjo ilikuwa imeanza kuuacha ule mkono mwingine, na kiunoni palikuwa panalegea. Nilijua kinachofuata. Ni kaptula yako mbele ya mji wote, na hiyo haina hata maua. Tawia naye alikuwa ameona. Alikuwa amekaza macho pale pale.

Nikaiteremsha yangu. Nakwambia ukweli, iliniuma. Miezi yote ile, mchuzi, kioo, makarani, halafu inakaa vizuri na sikupata hata nafasi ya kuringa! Nikaikusanya kiunoni, nikasimama karibu yako, nikabana na yako kwa kiwiko isiende chini, tukaanza kutembea mabega wazi kuelekea kwenye viti vilivyo mbele ya Nana. Mzee Ntow akatutazama, akaishusha yake. Halafu vijana. Halafu wote wa ukoo wetu, mmoja baada ya mwingine, wengine bila kujua kwa nini, waliona tu wenzao. Tawia alikuwa wa mwisho. Alikawia. Kisha akaishusha, akatazama pembeni, na sitamsema vibaya tena mpaka Krismasi.

Msemaji akapiga fimbo chini. "Nyumba ya Dapaa! Nana ameshapokea salamu. Mbona mabega bado wazi?"

Hapo ndipo ulipokuwa unahesabu nyuzi za makubadhi. Baraza lote likatugeukia. Nikasikia sauti yangu ikitoka nyembamba kama ya mtoto, "Hatujamaliza kusalimia."

Nana alikutazama wewe. Alikutazama muda mrefu, Mjomba, nadhani alielewa yote. Akamnong'oneza msemaji, na msemaji akasema, "Basi wakae hivyo hivyo. Heshima ikizidi haitozwi faini." Watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele, tukakaa vifua wazi mpaka jioni. Kumbuka yale manyunyu. Tawia alipiga chafya mpaka ngoma zikapotea.

Ndiyo hivyo. Niliondoka alfajiri kwa sababu nilikuwa nataka kulia, na kwa mrithi wa kiti haipendezi. Nililia kuanzia darajani, pale ulipolikimbizia lori.

Mpwa wako,
Yaw Berko

—

Nkwantapa, 2 Oktoba 1969

Yaw, mwanangu,

Tu wazima. Kakao inaiva. Mbuzi tumemchinja, samahani kwa jina lako.

Umetuletea balaa. Vijana wa nyumba yetu sasa wanatembea sokoni mabega yote mawili wazi, wanasema ndivyo tunavyovaa sisi. Nimewafokea, hawasikii. Nyumba ya juu wameanza kuiga.

Wazee walikuja juzi na kinywaji. Aliyezungumza kwa niaba yao ni Tawia. Alisema, "Siku yako ikifika, yule wa suruali aje akae." Kisha akaniomba nikuulize bei ya koti. Mama yako habanduki nyumbani kwake, ameshapanda hata pilipili mpya.

Barua yako nilimpa mama yako anisomee kwa sauti, nikacheka mahali pote ulipotaka. Pale darajani aliacha kusoma, akaimalizia mwenyewe kimya kimya, sikumlaumu.

Sasa nina kazi ya kukupa, na ni siri ya fundi na mteja. Hili batakari linanitesa kulipitisha kichwani, mama yako lazima anisaidie, na mimi sijazoea kuvishwa. Nishonee jingine, lipasuliwe mbele mpaka chini. Mkono wa kushoto uwe mpana.

Na mbele uweke vifungo, Yaw. Vikubwa, ambavyo mtu anaweza kuvifunga kwa mkono mmoja.

Mjomba wako,
Kwadwo Dapaa